Jinsi ya kutumia na kulinda kamera yako kwenye baridi kali: mwongozo kwa mnaoenda Tromsø kupiga aurora

Wakuu habari zenu. Kila ikikaribia mwisho wa mwaka naona watu wanajipanga kwenda kaskazini mwa Ulaya, wengine wana ndugu Oslo, Stockholm au Helsinki, wengine ni safari ya kazi tu wakaona waongeze siku chache, na wengi wakishafika huko wanataka kupanda mpaka Tromsø kule juu Norwei kuwinda aurora, zile taa za kijani zinazocheza angani usiku. Na swali linakuwa lile lile, hivi kamera yangu haitakufa na baridi? Mtu kanunua kamera kwa jasho lake, ana haki ya kuuliza.

Niseme mapema kabisa, baridi peke yake haiui kamera kirahisi hivyo. Kinachoua kamera ni maji, na maji yanakuja pale unapoitoa kwenye baridi ukaiingiza kwenye joto. Kwa hiyo mwongozo wote huu unasimama kwenye kitu kimoja: kamera iache ibaki ya baridi, betri ndo uziweke kwenye joto. Wengi wanafanya kinyume, kamera wanaificha ndani ya jaketi ipate joto, betri za akiba wanaziacha kwenye begi la mgongoni zigande. Hapo ndo shida zote zinapoanzia.

KWANZA UELEWE MAJI YANATOKA WAPI

Toa soda frijini Dar mwezi wa pili uiweke mezani, dakika mbili tu chupa imelowa nje yote. Yale maji hayajavuja kutoka ndani, yametoka kwenye hewa, hewa ya joto imegusa kitu cha baridi ikashindwa kubeba mvuke wake ikautema pale pale. Kamera nayo ni hivyo hivyo, ila kwenye kamera maji hayaishii nje, hewa inapenya kwenye vinafasi vya lenzi, kwenye vitufe, kwenye mlango wa betri, yanaganda hadi kwenye vioo vya ndani na kwenye saketi, na huko huwezi kupitisha kitambaa.

Namba zake ni hizi. Hewa ya Dar ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 inabeba kama gramu 23 za maji kwenye kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi -15, hata ikijaa unyevu mpaka mwisho, haifiki gramu 2. Maana yake nje kwenye baridi kali ni pakavu kuliko mahali popote ulipowahi kupeleka kamera yako, na kamera iliyoshapoa ikiwa nje haina tatizo lolote la kulowa. Ila chumba cha hoteli chenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 40 kinaanza kutema maji kwenye kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 7 hivi, sasa kamera iliyokaa masaa manne nje kwenye -15 ukiingia nayo mlangoni wazi wazi unategemea nini? Inakuwa nyeupe yote kwa sekunde.

Na watu wa pwani hili wanalijua hata kama hawajawahi kuona theluji. Ukitoa kamera kwenye chumba cha AC pale Mombasa au Zanzibar ukatoka nayo nje asubuhi, lenzi inafunga ukungu papo hapo. Ni kitu kile kile, kule Norwei tu kimezidi.

VITU VYA KUANDAA KABLA HUJASAFIRI

Betri. Kama kamera yako inatumia moja nenda na tatu au nne, hasa hizi kamera mpya zisizo na kioo cha kupinduka ndani, maana skrini yake na kile kiskrini cha jichoni vinakula umeme muda wote. Betri za lithiamu ioni zikipata baridi kemikali ndani zinakwenda polepole, ukinzani unapanda, volti zinashuka, kamera inadhani chaji imeisha inajizima. Ndo maana unaona ilikuwa inaonyesha nusu, ghafla nyekundu, imezima. Mara nyingi chaji bado ipo humo, ukiipasha mfukoni inarudi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo usiitupe pembeni ukadhani imekufa, izungushe.

Mifuko ya plastiki yenye zipu, ile ya kuhifadhia chakula kwenye friza. Hii ndo kinga kubwa kuliko vitu vyote nitakavyotaja humu na ni ya bei rahisi. Usihangaike kuitafuta Bongo, toka marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2019 mambo ya plastiki yana masharti mengi na Kenya walishatangulia tangu 2017, we ukifika Norwei ingia supamaketi yoyote, Kiwi au Rema 1000 au Coop, iko kwenye rafu ya vyombo vya jikoni. Chukua saizi kubwa, lita 5 au 6, kamera iingie na lenzi yake ikiwa imefungwa, na upate na midogo ya kuweka betri.

Vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja kwenye boksi za viatu, usivitupe, ila ujue vingi ukivipata vimeshanyonya unyevu wa njiani na wa dukani, vimeshiba. Kama unaweza nunua vile vya kubadilisha rangi uone vimeshiba au bado, vinakaushwa kwenye oveni kwa moto mdogo ukifuata maelezo ya pakiti.

Adapta ya umeme. Norwei soketi zao ni za pini mbili za duara, volti 230, chaja zetu za Tanzania na Kenya zina pini tatu bapa. Mtu anafika usiku na betri zote tupu halafu ndo anagundua.

Glavu za aina mbili, nyembamba za kuvaa ndani unazoweza kubonyezea vitufe, na juu yake zile nene za vidole vyote pamoja ambazo zinafunguka mbele. Usijaribu kupiga picha vidole vitupu kwenye -20 na upepo, chuma cha kamera kinanyonya joto la kidole haraka mno na kidole kikishakufa ganzi huwezi hata kuzungusha lenzi, achilia mbali kwamba ngozi inaweza kuganda kweli na hilo ni suala la hospitali.

Tripodi. Bila tripodi hakuna aurora. Za kaboni hazichomi mikono kwa baridi kama za alumini, lakini kama unayo ya alumini usinunue nyingine, zungushia miguu ya juu lile sponji linalovikwa mabomba ya maji au hata mpira wa hendeli ya baiskeli, inatosha kabisa.

Halafu hii haina gharama: kaa chumbani kwako uzime taa, uvae hizo glavu, ubadilishe betri, ubadilishe ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga), uhamishe fokasi kwenda mkono, yote kwa kupapasa. Fanya mpaka iwe mazoea. Usiku wa kule taa ya kichwa ukiiwasha ovyo wenzako wote mliosimama nao picha zao zinaharibika, na watakwambia.

KWENYE NDEGE

Betri zote za akiba na pawabenki ni kwenye begi la mkononi, siyo kwenye begi linaloenda chini. Betri ya kamera ya kawaida ina kama Wh 16 (wati-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) na kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni Wh 100, kwa hiyo huna wasiwasi, ila ziba zile ncha za shaba kwa selotepu au kifuniko chake zisigusane na funguo au sarafu. Na wakikwambia mlangoni mwa ndege kwamba begi lako la mkononi limezidi linaenda chini, toa betri kwanza kabla hujawapa.

UNAFIKA TROMSØ, HALI IKOJE

Tromsø iko latitudo 69 na kitu, juu kabisa ya mzunguko wa Aktiki, lakini bahari ya pale inapashwa na mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki kwa hiyo mjini kwenyewe si baridi watu wanayofikiria, mwezi wa kwanza mara nyingi inacheza kwenye -2 mpaka -8, na siku nyingine inapanda mpaka juu ya sifuri mvua inanyesha. Kutoka mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa, mchana unapata masaa machache ya mwanga wa bluu na pinki, na huo mwanga kwa picha ni mzuri sana usiulalie.

Sasa mjini mawingu ni mengi, ndo maana magari ya kuwinda aurora yanakimbilia bara, upande wa Skibotn na kuvuka mpaka Kilpisjärvi ya Ufini, mwendo wa masaa mawili na kitu, kule anga inafunguka maana milima inazuia mawingu ya baharini. Na kule ndo unakuta -20, siku nyingine -30. Kwa hiyo usiku mmoja unaweza kutoka -3 yenye theluji ya maji ukaingia -25 kavu.

Kwa maoni yangu ile -3 ya mjini ni hatari zaidi kwa kamera kuliko -25 ya Skibotn. Theluji ya kwenye sifuri ni maji tayari, inatua kwenye kamera inayeyuka inaingia. Theluji ya -25 ni kama unga mkavu, unaipeperusha kwa brashi imeondoka. Pale mjini kamera ivalishe koti la mvua au hata mfuko wa plastiki uliotobolewa sehemu ya lenzi, na hudi ya lenzi, ile kofia ya kukinga kioo cha mbele, iwe imevaliwa muda wote.

KUTOKA NJE, HATUA KWA HATUA

1. Chaji betri zote ndani, zikiwa za joto la chumba. Usichaji kamwe betri ya baridi chini ya sifuri, iwe kwenye gari au kwa pawabenki ukiwa nje, lithiamu inajipaka kwenye ncha moja ndani ya betri kama chuma na hapo umeiharibu moja kwa moja, hairudi.

2. Betri moja kwenye kamera, zilizobaki mfuko wa ndani kabisa wa nguo, karibu na mwili, siyo mfuko wa jaketi la nje. Ziweke kwenye kamfuko kadogo ka zipu maana mwili unatoa jasho. Betri nzima ziweke kulia, zilizochoka kushoto, ili usichanganye gizani.

3. Kamera ikiwa kwenye begi lake lililofungwa toka nayo nje, uiache ipoe polepole humo humo kama nusu saa kabla hujaanza. Kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi si hatari kama kurudi, ila ukiitoa ghafla kioo kinaweza kufunga ukungu kidogo ukaganda.

4. Zima vinavyokula umeme bila sababu: waifai, bluetuthi, GPS, picha kujionyesha yenyewe kila ukipiga. Kama iko juu ya tripodi zima na kile kituliza mtikisiko. Skrini ya nyuma utaona inakuwa nzito, picha zinaburuta, rangi zinachelewa, usiogope, ikipata joto inarudi kama ilivyokuwa.

5. Usihemee kamera. Hii inaonekana ndogo ila ndo inayoharibu usiku wa watu wengi. Unaweka jicho, unapumua, pumzi inagonga kioo cha jichoni inakuwa barafu pale pale, unaifuta kwa glavu unaisambaza, sasa huoni kitu. Shika pumzi unapoangalia, au pumua kwa pembeni kupitia skafu. Na vumbi au theluji kwenye lenzi usipulize kwa mdomo hata siku moja, tumia ile pampu ya mpira au brashi laini. Kama barafu imeshaganda kwenye kioo usikwangue na kucha.

6. Usibadilishe lenzi nje theluji ikiwa inaanguka. Chagua moja kabla hujatoka, kwa aurora ni lenzi pana, milimita 14 mpaka 24, yenye f/2.8 au chini yake (hiyo ni namba ya tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi).

Kuna vile vipakiti vya kupasha mikono, unga wa chuma unaotoa joto ukikutana na hewa. Vinasaidia sana, unakifunga kimoja kwenye lenzi kwa rababendi karibu na kioo cha mbele ili umande usigande pale, na kingine mfukoni kwenye betri ila kisigusane nazo moja kwa moja, weka kitambaa katikati. Lakini ujue vinahitaji oksijeni, ukikifungia kwenye mfuko wa zipu kinapoa kinakufa, watu wanalalamika wameuziwa feki kumbe wamekinyima hewa.

LILE BASI DOGO LINALOKUZUNGUSHA

Hapa nataka mtulie kidogo kwa sababu ndo sehemu kamera nyingi zinapolowa. Safari ya kuwinda aurora ni hivi: mnaendesha, mnasimama, mnashuka dakika ishirini, hakuna kitu, mnarudi garini, hita imewashwa nyuzi 22, watu kumi na tano wanapumua humo na theluji inayeyuka kwenye viatu vyao, hewa imejaa maji. Mnasimama tena. Mnarudi tena. Usiku mzima. Kila ukipanda na kamera iliyopoa inalowa, kila ukishuka yale maji yanaganda, ukipanda yanayeyuka yanaingia ndani zaidi.

Kwa hiyo kamera isiingie kwenye joto la gari. Mwambie dereva begi la kamera likae kwenye buti nyuma, wengi wanaelewa na wengine wenyewe ndo wanashauri. Kama buti linapashwa pia au halina nafasi, basi ukiwa bado nje weka kamera kwenye mfuko wa zipu, kamua hewa, funga, ingiza kwenye begi, funga zipu ya begi, na usiifungue hata kama aurora imetokea dirishani mpaka uwe umeshuka. Kitu kimoja tu ndo kipande na wewe ndani, nacho ni betri.

Nilishawahi kukaa siti moja na dada mmoja aliyetoka Nairobi, amepiga picha nzuri kweli kituo cha kwanza, tumepanda anataka kuziangalia, nikamwambia dada angu usiifungue hiyo, akaniambia naangalia moja tu. Tukaona wote wawili lenzi ikibadilika kutoka nyeusi kuwa kama kioo cha bafuni. Kituo cha pili aurora ndo ikalipuka, ya kijani na pembeni zambarau, na yeye yuko na lenzi yenye barafu kwa ndani. Ile haifutiki kwa kitambaa, ni kusubiri tu. Nikampa simu yangu apigie.

SETINGI ZA AURORA KWA KIFUPI

Kila kitu kwa mkono. Piga RAW, yaani faili ghafi la picha. Anza f/2.8, ISO 1600, sekunde 8, halafu angalia. Kama aurora imetulia na ni hafifu panda ISO 3200 na sekunde 10 mpaka 15, kama inacheza kwa kasi shusha sekunde hadi 3 au 4 la sivyo ile mistari yake mizuri inakuwa uji. Rangi (white balance) weka kelvini 3500 mpaka 4000.

Fokasi usiamini ile alama ya mwisho kwenye lenzi. Tafuta nyota inayong'aa, vuta kwenye skrini mara kumi, zungusha taratibu mpaka nyota iwe kadoti kadogo kabisa. Na baridi inasinyaza lenzi, fokasi uliyoweka saa mbili usiku inaweza kuwa imehama kufikia saa nne, kwa hiyo irudie kila baada ya muda, hasa mkihama kutoka pwani kwenda bara. Tumia taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisitikise.

Miguu ya tripodi isukume ndani ya theluji mpaka ifike pagumu kabla hujaitanua sana, vinginevyo inazama polepole wakati picha inaendelea kupigwa.

Mchana sasa, theluji inaidanganya kamera. Kamera inapima mwanga ikidhani kila kitu ni cha kijivu, ikiona pote peupe inapunguza, theluji inatoka ya kijivu kama majivu. Ongeza kwenye kile kipimo cha jumlisha na toa, +1 mpaka +1.7, ukiangalia ile grafu ya mwanga (histogramu) isigonge ukuta wa kulia. Na kama unapiga watu wenye ngozi nyeusi kama yetu mbele ya theluji ndo usisahau kabisa kuongeza, maana bila hivyo uso unapotea wote na theluji yenyewe bado imekuwa chafu. Mimi huwa napima kwenye uso halafu nakubali theluji iungue kidogo nyuma. Uso wa mtu ni muhimu kuliko theluji.

KURUDI NDANI, HAPA NDO PENYEWE

Ukiwa bado nje mlangoni, usijali baridi, fanya haya kwa mpangilio huu:

Zima kamera. Toa betri, toa memori kadi, viweke mfukoni. Hii inakusaidia mambo mawili, betri inaweza kuanza kujiandaa kuchajiwa na picha unaweza kuziangalia kwenye laptop usiku ule ule, kwa hiyo huna kishawishi cha kuifungua kamera. Funga milango yake yote.

Peperusha theluji yote kwa brashi. Usiifungie kamera na theluji ndani ya mfuko, itayeyuka humo humo na utakuwa umeifungia na maji.

Ingiza kwenye mfuko wa zipu, weka na silika jeli, kamua hewa, funga mpaka mwisho uhakikishe zipu imeshika yote maana kwenye baridi plastiki inakuwa ngumu na pembeni huwa panabaki wazi. Kisha mfuko uingie kwenye begi la kamera, begi lifungwe.

Sasa ingia. Begi liweke sakafuni karibu na mlango mahali penye ubaridi kidogo, siyo juu ya hita, siyo karibu na jiko. Baada ya muda ukichungulia utaona mfuko umelowa matone kwa NJE, yanateremka kwenye plastiki, na kamera ndani ni kavu kabisa. Hayo matone ndo yangekuwa kwenye lenzi yako. Acha masaa mawili, kama ilikuwa -20 na lenzi ni nzito acha matatu au ilale humo mpaka asubuhi, ndo salama zaidi. Unajua iko tayari ukigusa mfuko ukawa hausikii ubaridi tena na plastiki imekauka.

Betri nazo zisubiri zipate joto la chumba kabla hujazichomeka kwenye chaja, nusu saa mpaka saa zima.

KAMA TAYARI IMELOWA

Usiiwashe kuangalia kama inawaka. Toa betri na kadi haraka. Futa nje kwa kitambaa kikavu bila kusugua. Usitoe lenzi ukiwa kwenye chumba cha joto wakati kamera bado ya baridi, utaruhusu hewa yenye maji ifike kwenye sensa. Usitumie drayer ya nywele, joto lake linasukuma unyevu ndani zaidi na linaweza kulegeza gundi za vioo. Mambo ya kufukia kwenye mchele achana nayo, mchele unatoa vumbi na haunyonyi kama silika jeli. Iache sehemu kavu yenye hewa, kamera ikishakuwa na joto la chumba iweke kwenye boksi la plastiki linalobana lenye silika jeli nyingi kwa siku nzima au mbili. Nyingi zinapona kama hukuiwasha.

SIMU

Simu inakufa kabla ya kamera. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kuanzia nyuzi 0 hadi 35, chini ya hapo inaweza kujizima hata kama ina chaji. Iweke mfuko wa ndani, itoe, piga, irudishe. Simu za siku hizi zinapiga aurora vizuri tu kwa hali ya usiku, ila iegemeze kwenye kitu au uiweke kwenye kitripodi, na ubonyeze kwa kitufe cha sauti maana skrini haisikii glavu nene. Na pawabenki nayo ni lithiamu, iweke kwenye joto.

WANAOPANDA KILIMANJARO

Hamhitaji kwenda Norwei kukutana na haya. Usiku wa kileleni mnaondoka kambi ya Barafu au ya Kibo karibu na saa sita usiku, mnafika Uhuru mita 5,895 jua likichomoza, na kabla ya alfajiri -10 mpaka -20 na upepo ni kawaida. Tofauti ni kwamba huna chumba cha joto wala umeme wa kuchajia, una hema tu, na hema likiwa na watu wawili wanaopumua usiku kucha asubuhi kuta zake zinadondosha maji. Kwa hiyo betri na simu vinalala na wewe ndani ya slipingi begi, kamera inalala kwenye mfuko wa zipu ndani ya begi lake, mbali na kuta za hema. Ukipanda usiifiche ndani ya jaketi tupu tupu kifuani, unatoka jasho sana kwenye ule mlima na jasho lote linaiingia kamera, ivae kwenye kabegi kadogo kifuani juu ya nguo, betri ndo iwe ndani na uichomeke ukishafika Stella Point, pale ukingoni kabla ya Uhuru.

Wengi wanaikumbuka kamera wakati wa kupanda wanaisahau wakati wa kushuka. Siku ile ile ya kilele mliotokea Barafu mnashuka mpaka kambi ya Mweka, kama mita 3,100, mnaingia kwenye msitu wenye joto na unyevu mwingi na kamera bado imebeba baridi ya juu. Kabla hujaanza kushuka kutoka Barafu ifunge kwenye mfuko wake wa zipu, na ukiwa njiani upitishe mkono juu ya plastiki, kama bado inatoa ubaridi usifungue, hata kima wakitokea pembeni ya njia tumia simu.